Moduli Zilipotafsiriwa, Simu ya Olenguruone Ikaelewa

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenipa nafasi ya kusimama hapa leo. Naitwa Violet. Mmezoea kuniona kwa kwaya, lakini wengi hamjui kazi yangu. Natengeneza programu za simu, hapa hapa Nakuru mjini.

Ndugu zangu, tulikuwa na programu ya kusaidia wauguzi wa zahanati za mashambani. Mama mjamzito akifika, muuguzi anaandika hali yake, na simu inamwonyesha hatua za kufuata. Lakini tukibadilisha hata kitu kidogo, simu ililazimika kupakua programu nzima upya. Mjini hilo si neno. Kule juu Olenguruone, mtandao unakuja na kupotea.

Asubuhi moja akanipigia muuguzi wa huko, Sister Chepkoech. Sauti ilikuwa inakatika.

"Violet, hii kitu imekwama ikijipakua, sasa haifunguki. Na niko na mama hapa anatoka damu."

Alimhudumia mama yule kwa yale aliyoyashika kichwani, na pikapu ya jirani ikamkimbiza hospitali. Mungu akamhurumia, akapona. Lakini mimi nilikaa kwa kiti changu nikiyawaza maneno yake. Programu yangu ilikuwa imemwacha mtu peke yake saa ya hatari.

Hapo nikaamua kubadilisha kila kitu. Kuna mfumo wa Java, lugha moja ya kuandikia programu, unaokuwezesha kugawa programu katika vipande, vinaitwa moduli. Kipande kimoja kinaweza kutolewa na kingine kuwekwa, na vile vingine vinaendelea kufanya kazi. Nikauingiza mfumo huo ndani ya programu ya simu. Kwa kompyuta yangu ulifanya kazi vizuri sana. Kwa simu, mfumo uliwaka, lakini moduli zote zikakataa. Simu ilisema haioni kitu ndani ya moduli hizo, na mimi nilijua vitu vimo. Ndugu zangu, nilijaribu mpaka nikakonda. Wenzangu wakaniambia, "Achana na mfumo huo, Violet. Haukuumbiwa simu." Nami nikaanza kuamini.

Siku moja nikaja hapa kwa maombi ya saa saba mchana, sina hata nguvu ya kuomba. Tulikuwa na mgeni, mzee mmoja aliyehubiri kwa Kikalenjin, na mama mmoja akimtafsiria. Mzee akasahau kumngoja mkalimani, akaendelea. Sisi tusiojua lugha hiyo tukabaki tunamwangalia tu. Maneno yalikuwepo, mazuri, lakini kwetu yalikuwa kimya.

Hapo nikaona simu yangu iko vivyo hivyo. Simu haisomi Java jinsi kompyuta inavyoisoma. Lazima itafsiriwe kwanza kwa lugha ya simu. Programu yenyewe ilikuwa inatafsiriwa wakati wa kuijenga, lakini zile moduli nilizozifunga ndani yake hazikuguswa. Zilibaki kwa lugha yao. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nisione. Nikalia pale kwa benchi, na jirani yangu akadhani nimefiwa.

Nikarudi ofisini, nikatafsiri kila moduli peke yake, nikazirudisha. Zikaamka moja baada ya nyingine. Nilisimama kando ya meza nikiogopa hata kuigusa ile simu.

Baadaye nikapanda Olenguruone kuijaribu. Nikiwa pale nje nikifuatilia kwa kompyuta yangu, Sister Chepkoech alikuwa ndani na mama mwenye uchungu wa kuzaa, anaandika hali yake kwa simu. Moduli mpya ya kutokwa na damu ikaanza kuingia kupitia ule mtandao dhaifu, ikakatika, ikaendelea, ikaingia. Nikamuuliza kupitia dirisha kama programu imezima.

"Kuzima? Iko sawa tu. Halafu imenionyesha hatua mpya," akajibu bila kuinua macho.

Muda kidogo nikasikia mtoto analia.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mashine, na bado sijui nieleze vipi. Jibu nililotafuta kila mahali nililetewa nikiwa nimechoka kabisa. Namshukuru Mungu, na nawashukuru mlioniombea bila kuelewa ninachofanya. Na wewe uliyekaa hapo nyuma, uliyeambiwa jambo lako haliwezekani, usiondoke hivyo. Njoo mbele, tukuombee.