Kadi za Herufi S za Baba Yetu, Mtunga Kamusi

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wanasema mwandiko wangu ni kama wake, naomba mnivumilie nikisoma haraka, mtoto wangu wa miezi saba yuko kwa shangazi pale nyuma na akianza kulia nitapotea mstari, halafu humu kuna sehemu ambayo kaka hakuiona alipoupitia wasifu huu jana, nimeiongeza asubuhi, kwa sababu mzee wetu mhariri mkuu amekuja na gari la ofisi, na tukitoka makaburini atapitia nyumbani kuchukua kadi za baba.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa fundi cherehani na mama yake mkunga, alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne 1975, akasomea ualimu miaka miwili, akafundisha Kiingereza mpaka tarehe 2 Mei 1989 alipoajiriwa ofisi ya kamusi, chumba kimoja cha ghorofani chenye meza nne na dirisha lisilofunguka.

Pale kila maana ya neno la Kiingereza ilikuwa na kadi yake, iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na watu wawili, na hakuna nakala iliyotolewa mpaka herufi nzima iishe. Neno lililomsumbua kuliko yote ni spring, alilihangaikia miaka miwili, kwani ni chemchemi, ni majira yanayofuata baridi, ni kuruka ghafla, na ni ule waya wa chuma uliojizungusha ndani ya godoro, naye hakukubali kuandika kitu asichokiona, akaenda gereji kuomba aoneshwe, fundi akamuuliza, "Mzee, springi ya gari gani?", akajibu, "Sina gari, nataka neno", fundi akamwambia, "Basi hiyo spea hatuna". Mwishowe aligundua kwamba zote ni za ukoo mmoja, neno la kale la kuchupa, maji huchupa ardhini, majani huchupa baada ya baridi, chuma kikiachiwa huchupa, akaja nyumbani anacheka peke yake kama mtu aliyepata mtoto.

Alifunga ndoa na mama tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto wanne, na mama amekuwa akisema siku zote kwamba ana mke mwenza anaitwa S, hasa baada ya baba kustaafu mwaka 2017 na kuomba amalizie herufi hiyo nyumbani.

Tarehe 9 Januari 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa figo. Jumamosi ya tarehe 28 nilisafisha chumba chake cha kazi ili akirudi kitanda kiingie, nikakuta maboksi matatu ya kadi zilizokatwa pembe moja, na sisi shuleni msimamizi wa mtihani akikata pembe ya karatasi yako basi imefutwa, nikadhani ndizo alizokosea, nikazibeba uani nikazichoma pamoja na takataka. Mzee mhariri, najua sasa, pembe hukatwa kadi ikishakamilika. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Yaliyobaki kwenye kabati ni madokezo yake tu. Hakuna aliyenituma, mama hakujua mpaka asubuhi hii, naomba lawama isimfikie.

Jumatatu baba aliniuliza wodini, "Mwanangu, kadi za S nilizokata pembe zimefika ofisini?", hapo nikaelewa nilichokichoma, nikamwambia zimefika, akafumba macho akasema, "Basi mimi nimemaliza". Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikimuuliza neno moja moja, nikijifanya napitisha muda, nikiandika nyuma ya daftari la kliniki la mtoto, akafurahi, akasema, "Sasa umeanza kuuliza vizuri". Tulifikisha maneno kumi na moja. Alifariki Jumanne tarehe 21 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutulelea watoto, pamoja na wenzake wa ofisi ya kamusi, ambao sijui kama baada ya leo watazipokea shukrani zangu. Daftari ninalo hapa mkobani. Halina saini hata moja, mzee, lakini ni maneno yake, na mkinikubalia nitakuja kila siku kukaa kwenye meza yake, na mtoto mgongoni, mpaka yale mengine yaandikwe upya.

Baba, nilikwambia zimefika. Hazikufika, nilizichoma mimi. Nimeona nikuambie kabla hawajakufunika. Pumzika kwa amani, baba yangu.