Doti Ambayo Nyevu Hakuikata

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa, kuanzia Malindi mjini hadi Kikambala. Leo tunamkumbuka Nyevu Jefwa wa Tezo, mkulima wa mihogo na mahindi, mama wa watoto wanne, tuliyemzika Jumamosi. Nyevu Jefwa wa Tezo. Mwanamke aliyerudisha dukani leso zilizokwisha kukatwa na kukungwa upindo, zikapokewa.

Nyevu hakuamini kitu kipya. Unga aliunusa kabla ya kulipa. Kiberiti alikiwashia pale pale kaunta. "Mume wangu alipokuja kuposa," asema binti yake, Linet, "mama alimwambia atembee hadi langoni arudi, aone kama hachechemei."

Na leso? Leso huuzwa mbili mbili zikiwa zimeshikana, ndiyo doti moja. Mnunuzi hukata katikati, hukunga upindo, ndipo hujifunga. Nyevu hakuwa akikata yake mpaka za wenzake zifuliwe kwanza. Kumbukeni hilo.

Miaka mitatu iliyopita, chama cha wanawake cha kuzikana pale Tezo kilimtuma Malindi kununua sare: doti thelathini za leso nyekundu. Alikwenda peke yake, wasikilizaji, na hilo ndilo kosa lake. Mwenye duka, Bwana Thuku, alimwapia kwamba leso zile hazichuji. Nyevu akarudi, akagawa. Wenzake wakakata, wakakunga, wakavaa kwenye mazishi. Mvua ikanyesha.

Rangi ikateremka. Blauzi nyeupe zikaharibika, miguu ikawa myekundu. "Tulitoka mazikoni kama watu waliochinja ng'ombe," asema Mama Dena, mwenyekiti wa chama.

Mtu mmoja tu alibaki safi. Nyevu, ndani ya leso yake kuukuu.

"Mbona mpya hukuivaa?" wakamuuliza.

"Sijaikata bado."

"Ulijua!" Mama Dena akamjia juu. "Ulijua zinachuja. Umetuchukulia za bei ya chini, chenji mmegawana wewe na mwenye duka!"

Wiki ile Nyevu alisalimiwa kwa mbali. Akifika bombani kuteka maji, mazungumzo hukatika. Linet alimwambia aichome ile doti. Nyevu akajibu, "Nikiichoma nitabaki na ulimi wangu tu, na ulimi wangu hawauamini."

Basi akazikusanya leso zote, akaenda kwa Mama Dena. "Twende Malindi. Kama huniamini mimi, yaamini macho yako." Mama Dena akakubali, lakini shaka yake alikwenda nayo. Njiani alinunuliwa soda, akaikataa. Alidhani anahongwa.

Dukani, ukutani, paliandikwa kwa herufi kubwa: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Thuku hakuinuka hata kwenye kiti.

"Mama, hujaona hapo?"

"Nimeona. Andiko la ukutani halivunji haki yangu."

"Hizi zimekatwa, zimekungwa. Nami nitajuaje mmezifua na nini? Pengine mmezitia dawa ya madoa."

Nyevu akafungua mfuko wa pili. Akatoa doti yake. Haikukatwa. Haikuguswa na maji. Karatasi ya duka bado ilikuwa imebandikwa.

"Na hii je, nayo nimeitia dawa?"

Thuku akaitazama. "Hiyo nitakubadilishia. Hiyo moja."

"Sikuja kwa moja. Nipe beseni la maji."

Wateja wakasogea. Nyevu akalowesha ncha, akaifuta kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa chekundu. Mteja mmoja akairudisha polepole leso aliyokuwa ameshaichagua.

"Mama, tafadhali, tusipigiane kelele," Thuku akanong'ona.

"Nani kapiga kelele? Mimi nimelowesha tu."

Hapo Mama Dena akauliza swali lililomleta. "Bwana, huyu alikuomba za bei ya chini?"

"Za bei ya chini? Alinibana saa nzima juu ya rangi! Mpaka nikamwapia, mimi mwenyewe, kwamba hazichuji."

Kisha akauvuta mfuko wa leso upande wake. Alikuwa amejifunga kwa kinywa chake mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, Katiba yetu, kifungu cha arobaini na sita, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa. Kasoro haifutwi na bango. Nyevu hakukisoma kifungu hicho. Aliijua leso, na alijua kubakiza shahidi.

Doti thelathini zilibadilishwa siku ile, na kila moja ililoweshwa ncha kabla ya kutoka dukani. Njiani Mama Dena alisema, "Mwenzangu, usiniweke moyoni."

"Nikuweke wapi, na wewe ndiye mwenyekiti?"

Wakacheka. Lakini Nyevu hakukubali kutumwa peke yake tena. Alisema, "Mtu mmoja hana shahidi." Mpaka leo chama hicho hutuma wawili.

Jumamosi, mwili ukiwa bado uani, Bwana Thuku alifika Tezo. Mkononi alishika doti mpya ya kumfunika marehemu. Watu wakamgeukia. Hakungoja kuulizwa. "Leteni maji," alisema.

Yakaletwa kikombeni. Mama Dena akalowesha ncha, akafuta kwenye kitambaa cheupe. Cheupe kikabaki cheupe. Akageuza, akalowesha na ncha ya pili. Cheupe kikabaki cheupe. Ndipo wakaikata, wakamfunika Nyevu.

Kwa Linet na ndugu zake, kwa wanawake wa Tezo, poleni sana. Mola awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: tumerudi nyumbani mara ngapi na kitu kibovu, kwa kuogopa herufi za ukutani? Na tumemshuku mara ngapi jirani aliyetumwa, tukamwacha aliyeuza?