Mgongo wa Nahodha Dirishani

Benchi letu liko mbele ya studio, chini ya mjakaranda, upande ule wa mji wa Burbank, California, ambao hata basi limeusahau. Zamani hapo palikuwa kituo. Basi likabadili njia, benchi likabaki, nasi tukalirithi. Mchana jua likishaipausha milima, maua ya zambarau hudondoka kwenye vikombe vya kahawa na hakuna anayejisumbua kuyatoa. Kazi yetu humo ndani ni kutia maneno ya Kiingereza kwenye katuni ya Wajapani ya meli ya anga, ili watoto wa Marekani waitazame wakitoka shule. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Nalipwa kusikiliza, na benchini nasikiliza bure. Siku hiyo ubishi ulikuwa mmoja: kuna mahali Nahodha anasimama dirishani, ametupa mgongo, anaitazama Dunia ikizidi kuwa ndogo. Kwa Kijapani hasemi neno. Kituo cha televisheni kimetuambia kimya hakitakiwi. Na Ngurumo, mwigizaji anayemsemea Nahodha, amegoma.

Bosi wetu ni Leland, lakini tunamwita Sekunde, maana zikipita mbili bila sauti anashika kifua.

Sekunde: Sentensi moja tu, kaka. "Kwaheri, Dunia! Tutarudi kabla ya chakula cha jioni!" Unaisema, tunakwenda zetu nyumbani.

Ngurumo: Siisemi.

Sekunde: Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimeitazama hiyo picha mpaka macho yananiuma, mshindo sijausikia. Mtoto wa Ohio atausikia wapi? Atabadili chaneli.

Mama Midomo: Bosi, methali hiyo haina maana hiyo.

Sekunde: Methali ni ya aliyeishika.

Mama Midomo ni Dolores, mwandishi wetu. Huhesabu mdomo wa katuni unafunguka mara ngapi, ndipo atafute Kiingereza cha kuujaza.

Mama Midomo: Mimi sina ugomvi. Mgongo hauna midomo. Wiki nzima nahesabu midomo mpaka naiota, kwa hiyo mgongo kwangu ni sikukuu. Naweza kuweka chochote. Mnataka shairi? Mnataka bei ya mayai?

Ngurumo: Usiweke kitu.

Sekunde: Unazingua, mzee. Kwa nini?

Ngurumo: Mtu anapaangalia kwao, labda kwa mara ya mwisho. Hasemi. Basi. Ningekuwa na maelezo zaidi ningekupa.

Sekunde: Sikiliza. Saa nane kuna mtu anakuja. Sauti kama yako, adabu anakuzidi. Usiposema wewe atasema yeye, na akisema hapo, Nahodha ni wake mpaka mwisho wa safari.

Kabla ya Nahodha, Ngurumo alikuwa anasemea mazimwi, maharamia wanaokufa mapema, na dawa ya meno. Nahodha ndiye mtu wa kwanza mwenye heshima zake aliyepewa maishani. Akaangalia kikombe chake, akatoa ua, akalirudisha.

Nikaona nipoze.

— Mimi nadhani Nahodha amekumbuka ameacha jiko linawaka.

Sekunde: Umeona? Hilo linasemeka!

Mama Midomo: Acha zako, Fundi. Yule anasali.

Sekunde: Tusali saa ya katuni? Wenye matangazo ya sabuni watahama.

Mama Midomo: Basi nisikilizeni, hili limenijia usingizini. Si yeye anayeitazama Dunia. Dunia ndiyo inamtazama yeye. Aliyeachwa ndiye mwenye la kusema, au siyo? Tuipe Dunia sauti.

Sekunde: Dunia ni mume au mke?

Mama Midomo: Bibi. Bibi mnene, kakaa barazani anamenya viazi, anamwona mjukuu wake anapotelea juu huko.

Sekunde: Nani amsemee? Bajeti imekauka.

Mama Midomo: Wewe.

Sekunde akakohoa, akabana koo: "Mjukuu wanguuu! Vaa sweta!" Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Ngurumo alicheka, ingawa hakutaka.

— Au Nahodha hayupo kabisa, nikasema. Keshaondoka zamani. Lile ni koti limetundikwa.

Sekunde: Koti linaloongea! Mtoto akililia wembe mpe. Koti hawajalililia bado, ila watalililia.

Ngurumo: Mtampa na koti sauti?

Sekunde: Koti halitagoma.

Wakati huo alikuwa ametoka mlangoni Bi Hayasaka, amebeba kikombe kwa mikono miwili. Ni mmoja wa wachoraji wa katuni yenyewe. Alikuwa amefika kutoka Tokyo kuona kazi yao tunaifanyaje. Tulisogea, akakaa pembeni kabisa, mkoba mapajani.

Sekunde: Mgeni njoo mwenyeji apone! Bibi, hebu tuponye. Yule mtu pale dirishani anawaza nini?

Bi Hayasaka: Ule mgongo nimeuchora mimi.

Sekunde: Heee! Basi tumepata. Anawaza nini?

Bi Hayasaka: Sijui. Tulikuwa tumechelewa sana. Nikachora picha moja, wakaiacha isimame hapo muda mrefu, ili wenzangu wawahi kumaliza kuchora vita vya sehemu inayofuata.

Sekunde akajipiga paja.

— Nilijua! Ni uhaba! Ngurumo, unagombea uhaba, kaka! Unataka kupoteza kazi kwa sababu watu walikosa muda wa kuchora!

Nilimwona Ngurumo bega limeshuka, nikamwonea uchungu, na kidogo nikamwonea hasira yule mgeni kwa kusema kweli.

Bi Hayasaka: Ndiyo, ulikuwa uhaba. Lakini ilipoonyeshwa nyumbani nililia, na mimi ndiye niliyeichora. Samahani, Bwana Leland. Kwenu ni wapi?

Sekunde: Mimi? Nebraska.

Bi Hayasaka: Siku unaondoka, ulisema nini?

Sekunde akafungua mdomo. Namfahamu yule mtu, hajawahi kukosa jibu, hata la uongo. Akaufunga. Akaufungua tena. Mama Midomo aligeuka upande wa mashariki, nyuma ya milima, ambako kuna jangwa, na ng'ambo ya jangwa kuna New Mexico ya mama yake. Mimi kwa mawazo nilikuwa Fresno, kwetu. Mama amesimama getini, mikono ina maji ya vyombo, anaendelea kuifuta kwenye aproni hata baada ya kukauka, na mbwa anazunguka gari. Miaka yote nimeamini nilimwambia kitu kizuri siku ile. Nilikitafuta hapo benchini, nikakitafuta sana. Sikukikuta. Maua yalidondoka tu, moja kwenye bega la Bi Hayasaka, jingine kwenye kiatu cha bosi. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, na Sekunde hakushika kifua.

Ngurumo ndiye aliyerudi wa kwanza. Alivuta pumzi, akaiachia polepole, nzito, ikitoka chini kabisa.

Sekunde: Fundi.

— Naam.

Sekunde: Hiyo pumzi, mashine yako inaishika?

— Inaishika vizuri tu.

Sekunde: Basi si kimya.

Akaangalia ndani ya kikombe, kahawa ilikuwa imekwisha.

Sekunde: Kituo kimesema hakitaki kimya. Hakikusema kinataka maneno. Dolores, mpigie yule mtu wa saa nane mwambie asije.

Tukaingia. Nilizima taa, nikawasha picha, Dunia ikaanza kupungua. Ngurumo alisimama mbele ya kipaza sauti akatupa mgongo, na hakuna aliyemwambia ageuke.