Mama Tulinagwe na Wali wa Ijumaa

Sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa Ijumaa. Nasema hapa kwa sababu Mama Tulinagwe Mwakalobo anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei, baada ya kutupikia miaka ishirini na mitatu katika Mbasa Loji, hapa Matema kando ya ziwa. Baba yangu, mwenye loji, amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Kusimama mbele za watu siwezi, kuandika naweza kidogo, basi nikakubali.

Mama Tulinagwe alizaliwa Ndandalo, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuja kuosha vyombo. Mpishi wa wakati ule alipougua, yeye akashika mwiko, na mpaka leo hajaurudisha. Wageni wengi walitoka Malawi, wakivuka mpaka wa Kasumulu Ijumaa ili Jumamosi waamkie ufukweni. Walimwita Amayi, yaani mama kwa lugha yao. Hakusubiri simu zao. Kila Ijumaa alasiri aliinjika sufuria kubwa ya mchele wa Kyela, ili geti likigongwa wali uwe umeiva.

Mwaka huu serikali zetu mbili zikanuniana. Redio ikajaa maneno makali, maroli yakakwama mpakani. Wageni hakuna aliyewakataza, ila nani aende kupumzika mahali anapohisi hatakiwi? Bwana Yohana wa Karonga, aliyeleta familia yake kila mwaka, alipiga simu akasema watoto wake wamesikia shuleni kwamba huku watu wao wanakamatwa. Mama Tulinagwe akatembea na simu mpaka majini, ili Bwana Yohana asikie mwenyewe kwamba huku ni mawimbi tu. Bwana Yohana alicheka sana. Hakuja.

Kisha siku moja kelele zikatufikia kutoka sokoni Lyulilo: mtumbwi unakuja, umejaa askari, kofia zao za chuma zinaonekana. Watu wakatawanyika. Mimi nilijificha stoo, nyuma ya magunia. Mama Tulinagwe akanifuata, mwiko mkononi.

"Mwanangu, njoo uchochee moto," akasema. "Hata kama ni askari, wamepiga kasia tangu asubuhi. Watakuwa na njaa."

Walikuwa akina mama wa Kikisi, wafinyanzi kutoka Ikombe, na vyungu vyao vya kuuza wamevipanga kifudifudi. Waliposikia wamegeuzwa jeshi, walicheka wakashindwa kushuka mtumbwini. Wali wote waliumaliza wao, na mmoja akamwachia Mama chungu, akamwambia hiyo ndiyo kofia yake, sasa naye ni askari. Ndicho anachopikia maharage hadi leo.

Lakini vyumba vilibaki vitupu, na baba akaanza kutaja kufunga. Ratiba itasema Mama anastaafu kwa umri. Sivyo. Nilikuwa jikoni nachambua mchele alipomwomba baba ampunguze yeye, ili Lucy anayefua mashuka, mwenye mtoto mchanga, abaki, na loji isifungwe. Baba akakubali. Baadaye aliniomba nisiliandike jambo hilo.

Naogopa kwamba Ijumaa inayofuata geti litakuwa kimya tena, halafu jiko litapoa, halafu na sisi tutaondoka. Ndiyo maana nilimwomba Mama anifundishe kipimo chake cha maji. Alinipiga kofi dogo la mgongoni, akanifundisha. Alasiri ya Ijumaa hiyo ikifika, sufuria nitaiinjika mimi.

Nasikia kandambili za baba kwenye korido. Anaufuata ukurasa huu aupeleke ukachapwe. Mtu akikaribia mlango huwa nageuza karatasi chini. Leo naiacha ilivyo, aisome yote.

Ndaga fijo, Mama Tulinagwe. Sote wa Mbasa Loji tunakushukuru. Mpunga wako wa Ndandalo ukubali, miguu yako ipumzike, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko. Na Ijumaa yoyote geti likigongwa, nitatuma bodaboda ikufuate. Safari hii utakaa mezani na wageni, nami nitakupakulia.