Sufuria Isiyojua Nyama

Wazee shikamooni, akina mama shikamooni. Walio wadogo kwangu, salamu zenu nitazipokea nikishuka hapa mbele. Mchungaji amenipa dakika chache, na mnajua mimi nikishika neno huwa siliachii, lakini leo nitajitahidi.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini ng'ombe akipita barabarani nakuambia kilo zake kabla hajafika kwenye mizani. Nilianza kwa kutembeza utumbo kwenye beseni, leo bucha yangu hapa Nkende ndiyo inayolisha harusi zenu. Kuna anayebisha? Haya.

Sasa mtu kama huyo akaoa mwanamke asiyekula nyama. Nilijua. Siku ng'ombe wa mahari walipofika kwao Busawe, aliniambia mbele ya mama yake: "Nyama nitakupikia, ila usinilazimishe kula. Nilipougua nikiwa msichana nilimwahidi Mungu." Nikacheka. Moyoni nikasema, akae mwezi mmoja na harufu ya figo za kuchoma, ataacha. Hakuacha.

Mimba mbili zikaharibika. Hapo sisemi sana, ndugu zangu, aliyepitia anajua. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano, kliniki wakasema damu yake iko chini. Nikaogopa, mimi ambaye fahali simwogopi. Nikaleta maini ya ng'ombe wa asubuhi ile ile. Akasukuma sahani.

"Mume wangu, siwezi."

"Mtoto afe kwa sababu ya ahadi yako?"

Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Basi nikajiona mjanja. Nikawa nachemsha mifupa buchani, nachuja mchuzi, akitoka nje namimina kwenye maharage yake. Siku ya kwanza akasema, "Leo yana ladha." Ya pili akaongeza. Nikatembea kifua mbele! Siku ya tatu akatoa mdomoni kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mtama. Akakiweka mezani. Akakitazama, akanitazama na mimi. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Tuliporudi kliniki damu ilikuwa imeshuka zaidi. Nesi akamuuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Nikadakia, "Sista, kwangu chakula hakikosekani, mimi ndiye mwenye bucha pale..."

"Baba, mimba unayo wewe?"

Benchi zima la wajawazito likacheka. Mke wangu akajibu polepole, "Ugali na chai ya rangi. Kila siku. Sufuria ya nyumbani kwangu siiamini."

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa pembe mbavuni na fahali. Haikuuma hivyo. Nikakiri pale pale, mbele ya wamama na matumbo yao, kila kitu.

Nesi hakunigombeza. Alisema, "Kuacha nyama si kosa. Kosa ni ugali na chai." Akaniambia nishike kichwani, kwa kuwa kuandika kunanichelewesha: maharage, choroko, karanga, mbegu za maboga, mboga ya mgagani isiyochemshwa mpaka ikafa. Chungwa au limao pamoja na chakula. Chai ikae mbali na chakula. Maziwa na mayai, maana hayo hakuahidi kuyaacha. Vidonge vya kuongeza damu kila siku, na kurudi kupima. "Na wewe, baba," akamalizia, "ukitaka kumsaidia, pika akikuona."

Nikanunua sufuria mpya, isiyojua nyama. Nilikuwa sijawahi kushika mwiko. Maharage ya kwanza yaliungua mpaka jirani akaja kuuliza kama nyumba iko salama. Buchani wakanicheka: "Mura, tunasikia una mimba, utajifungua lini?" Nikawajibu, "Nikijifungua mtaniletea uji!" Na sasa napika kuliko wake zenu, atakayebisha aje Jumapili aonje.

Mwanzoni alisimama mlangoni akiangalia mikono yangu. Nilionja kwanza, ndipo naye alikula. Wiki zikapita hivyo. Siku moja nageuka na mwiko mkononi, hayupo mlangoni. Amekaa mkekani, amenyoosha miguu, anasubiri chakula. Nikalia, nikasingizia moshi.

Damu ikapanda. Binti yetu alizaliwa akilia kwa sauti ya baba yake. Ndiye huyo anayenivurugia ushuhuda pale nyuma.

Namshukuru yule nesi. Namshukuru mama mkwe aliyeleta choroko kutoka Busawe, hakuniuliza hata neno moja. Na wewe, mama wa binti yangu, nakushukuru mbele ya watu hawa.

Wanaume, nyama ninauza, kesho njooni. Lakini mke wako akikuambia hali kitu fulani, usimdanganye kwa mchuzi. Muulize anakula nini, kisha uingie jikoni.

Siku hizi nikimletea bakuli, anakula bila kuangalia ndani.