Fundi wa Funguo Aliyedai Jina Lake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, mchonga funguo. Wateja walimwita Mzee Kitasa. Alifariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kati ya duka la viatu na duka la vioo. Mashine moja, tupa nne, na ubao mrefu wenye misumari. Kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo. Mzee Kitasa alikuwa na desturi yake: kila akikuchongea ufunguo, anachonga na wa pili, anaufunga karatasi yenye jina lako na namba ya nyumba, anautundika. Ukipoteza wako, unamkimbilia yeye. Kwake hiyo ilikuwa hisani tu.

Miaka mitano iliyopita, kampuni ya simu aliyoitumia ilivujisha taarifa za wateja. Majina, picha za vitambulisho, anwani. Kampuni ilijua, ikanyamaza miezi minne. Sikieni vizuri, miezi minne. Halafu ikatuma ujumbe mfupi: mteja mpendwa, badilisha neno lako la siri.

Wakati huo mtu fulani alikuwa amekwisha kusajili laini tatu kwa kitambulisho cha Mzee Kitasa. Laini tatu, na hakuna hata moja ambayo mzee aliijua. Kwa laini hizo mtu huyo akawatapeli watu akiwaahidi kazi. Polisi wakamfuata nani? Mzee Kitasa. Walimhoji nusu siku, wakamwachia, lakini jina lake likabaki kwenye orodha ya washukiwa. Mtaani habari ikatangulia kabla yeye hajafika nyumbani.

Sasa fikirini. Mchonga funguo akiitwa tapeli, nani atampa ufunguo wa nyumba yake? Jina ndilo lilikuwa mtaji wake. Wiki ile hakuchonga hata mmoja.

Alikwenda kwenye kampuni. Kijana wa kaunta akamwambia, "Pole mzee, tumeshaomba radhi kwa ujumbe."

"Radhi nimeipata," akajibu. "Jina langu je?"

Bintiye, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeisoma sheria ya kulinda taarifa za watu, akamweleza. Una haki ya kuambiwa mapema taarifa zako zikivuja. Una haki ya kuona wanachohifadhi juu yako. Una haki ya kudai kisahihishwe au kifutwe. Na wakikupuuza, kuna ofisi ya serikali ya kulalamikia, na huhitaji wakili. Mzee Kitasa aliishia darasa la sita. Alimwambia bintiye, "Niandikie kama ninavyosema, usinipambe." Barua ikawa ukurasa mmoja, ikapelekwa kwenye ofisi ile.

Siku ya kusikilizwa walikaa meza moja: yeye na bintiye upande huu, mwanasheria wa kampuni upande ule, katikati afisa wa ofisi ile, mama mmoja mwenye miwani. Afisa akauliza, kwa utaratibu tu, "Na wewe fundi, unahifadhi nini cha wateja wako?"

Angeweza kusema hakuna. Bintiye anasema alimwona baba yake akitazama mikono yake, kisha akasema, "Nakala ya kila ufunguo. Na jina, na nyumba."

"Waliruhusu?"

"Sikuwauliza."

Mwanasheria akatabasamu. "Kumbe mzee, sote ni wale wale."

"Kosa ni letu sote," akasema Mzee Kitasa. "Mimi nitakuwa nimelirekebisha Ijumaa ijayo. Nyinyi lini?"

Mwanasheria akafungua faili, akalifunga.

Nyumbani mkewe alimjia juu. "Mzee wangu, watu wanakuita tapeli, na wewe unataka kuwapelekea ushahidi mlangoni?"

"Heri wausikie kwangu."

Akabeba funguo zote kwenye mfuko, akapita nyumba kwa nyumba. Maneno yalikuwa yale yale: "Nina ufunguo wako. Sikukuomba ruhusa. Chukua, au niukate mbele yako." Mwenye duka la viatu alimtukana, akabadilisha vitasa vyote kwa fundi mwingine, wala hakurudi. Mzee Kitasa hakumlaumu. Alisema ni haki yake. Lakini mwalimu mmoja mstaafu alicheka mpaka akashika mlango. "Miaka sita una ufunguo wangu na hujaiba hata kijiko? Wewe utapeli huuwezi, baba. Kachonge funguo."

Maneno ya mwalimu yakazunguka mtaa. Wateja wakarudi, mmoja mmoja.

Baada ya miezi saba uamuzi ukatoka. Kampuni ikaamriwa kufunga laini zile tatu, kumwarifu kila mteja nini hasa kilichovuja, na kuwaandikia polisi kwamba si yeye. Polisi wakafuta jina lake. Watu wengine arobaini wakaandika barua kama yake. Bintiye aliwasaidia, na mpaka leo anawasaidia kila Jumamosi, bure.

Makaburini mkewe aliniambia, "Nimemzika kwa jina lake, na hakuna aliyeguna."

Mama, na wewe binti, poleni sana. Mungu awape subira, na fundi wetu apumzike kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, usingoje kuchafuliwa. Waulize wanachohifadhi juu yako. Wakikosea, waandikie. Ukurasa mmoja unatosha. Kisha tazama ulichonacho wewe cha wenzako, kwenye simu, kwenye droo, kwenye daftari la duka, na ujiulize kama waliwahi kukuruhusu. Kama hawakukuruhusu, mlango wa jirani si mbali. Kabishe hodi.