Maisha ya Zima Kwanza, Fundi wa Maabara

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Zima Kwanza, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na mama yake hakuchoka kusimulia kwamba binti huyo alijua kufungua vitu kabla hajajua kuvifunga, redio ya baba ikiwa ya kwanza kukiona cha mtema kuni.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1964 hadi 1970, sekondari 1971 hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme, alikohitimu Novemba 1977, akiwa msichana peke yake darasani, na wenzake walipomuuliza amefuata nini huko, aliwajibu kwamba umeme hauchagui wa kumpiga, basi na wa kuufunga asichaguliwe.

Tarehe 6 Februari 1978 aliajiriwa kuwa fundi katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu, na huko ndiko alikopewa jina lake, kwa kuwa hakugusa mashine yoyote kabla ya kuzima swichi kuu, kuitia kufuli, kuutundika ufunguo shingoni, na bado akapima nyaya kwa mita, maana, alisema, swichi nayo husema uongo. Pete ya ndoa aliivua kila aingiapo kazini, kwa sababu dhahabu hupitisha umeme, jambo lililowapa mawifi zake mazungumzo ya mwaka mzima.

Pete hiyo alivishwa tarehe 20 Desemba 1980 na fundi mwenzake, aliyesimamia chumba cha naitrojeni ya maji, yaani hewa iliyopozwa mpaka ikamiminika kama maji, baridi yake ikiunguza ngozi kama moto, nao walijaliwa binti mwaka 1982 na mwana mwaka 1985.

Tarehe 17 Oktoba 1989, saa nne na dakika kumi asubuhi, umeme ulikatika na feni ya chumba kile ikasimama, mume wake akamwambia karani, "Naingia mara moja tu, najaza mtungi natoka," akaingia peke yake, asijue kwamba mtungi mmoja ulikuwa ukivuja, na naitrojeni, isiyo na rangi wala harufu, ilikwisha kuifukuza hewa ya kupumua. Alipoanguka, mdogo wake, seremala aliyekuwa akitengeneza meza chumba cha pili, alisikia kishindo akakimbilia mlangoni, lakini mama yetu alimwahi, akamshika kiunoni, wakaanguka wote wawili, naye akamwambia, "Shemeji, ukiingia nitazika wawili." Akamtuma karani alete barakoa yenye mtungi wa hewa, akafungua milango na madirisha yote, na barakoa ilipofika baada ya dakika sita akaivaa, akaingia mwenyewe, akamburuta mume wake hadi nje, akiwa tayari amefariki.

Haifai kuficha kwamba seremala yule, siku ya mazishi, alitamka mbele ya ukoo kwamba mwanamke huyu alisimama akamtazama ndugu yake akifa, na kwa karibu miaka saba hakuvuka kizingiti chake, wala marehemu hakujitetea, bali alirudi kazini, akalea watoto wake, akadai chumba kile kiwekewe king'ora cha kupima hewa na feni isiyotegemea umeme wa jengo, na akapiga marufuku mtu kuingia peke yake, hata awe profesa.

Mwezi Aprili 1996 alimwita shemeji yake maabara, akamimina naitrojeni kidogo ndani ya ndoo, akasubiri moshi wake mweupe utulie, kisha akateremsha mshumaa unaowaka, nao ukazimika kimya, bila upepo, bila mtu kuupuliza. Hakumhutubia, alimwambia tu, "Shemeji, mle chumbani mlikuwa hivi," na mtu mzima yule alikaa juu ya kigoda cha maabara akalia, naye akamletea maji ya kunywa.

Alistaafu tarehe 12 Agosti 2016, na tangu mwaka ule wa msiba hadi siku hiyo hakuna mtu aliyeumia katika maabara yake. Mwaka 2021 aligundulika na maradhi ya figo, akavumilia matibabu, akiwakagulia wauguzi nyaya za mashine kabla hawajamlaza, hadi alipofariki tarehe 3 Mei 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na sita, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na mafundi wenzake, ambao leo wameifunga maabara.

Wiki mbili kabla ya kufariki aliwaagiza watoto wake kwamba historia hii asiisome mwingine ila baba yao mdogo, yule seremala, na asiruke pa mlangoni. Shemeji, imesomwa yote. Pumzika kwa amani.